Askofu Aliyetaka Kunyeshewa

Baba yangu, Mzee Ndahani, alibatizwa siku ya Alhamisi akiwa mgonjwa, amelala juu ya ngozi ya ng'ombe, na jina alilopewa ni Nikodemo. Alilipenda. Alilitamka mara tatu, taratibu, kama mtu anayeonja asali. Kisha akamwambia Mwalimu Bartolomayo, ambaye bado alikuwa ameshika bakuli la maji, "Basi, huyu Nikodemo akifa, mzikeni zizini."

"Mzee, sasa wewe ni Mkristo," Mwalimu akasema. "Utalala kule kwenye makaburi ya kanisa, chini ya msalaba."

"Kule mlimani? Kuna ng'ombe kule?"

"Hakuna, mzee."

"Sasa nitakuwa nasikiliza nini?"

 Kwetu Ugogo mwenye mji, yaani mkuu wa kaya, alizikwa ndani ya zizi, katikati ya nyumba yake ya tembe, ng'ombe wakampitia juu wakitoka asubuhi na wakirudi jioni. Baba yake Ndahani alilala hapo, na babu yake. Yeye hakuona ugomvi wowote kati ya maji ya Mwalimu na kwato za ng'ombe wake. Mwalimu aliuona.

Aliponitoa nje alinishika mkono. Hakuwa mtu mkali, ila aliiogopa sana dhambi, kama watu wengine wanavyoogopa nyoka.

"Mwana wa Ndahani," akasema, "jina lako limo katika orodha ya ubatizo wa Krismasi. Umengoja miaka mitatu. Ukimzika zizini, nitalifuta kwa mkono wangu mwenyewe. Nitalifuta huku nalia, lakini nitalifuta."

Wakati ule nilikuwa bado sijaitwa Yoramu. Nilikuwa mtu mzima wa miaka arobaini hivi, nimeanza kujifunza herufi nikiwa na mvi kichwani, na jambo moja tu nililomwomba Mungu kila siku ni kwamba nisife kabla ya kubatizwa. Na neno la baba nalo sikuwahi kulivunja.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu gari moshi la Wadachi, ndio Wajerumani, kufika Dodoma. Hapa Mvumi sisi watu wazima tulisoma jioni, baada ya kazi, barazani kwa Bibi Edita. Bibi alikuwa mmisionari Mwingereza aliyeishi katika nchi iliyotawaliwa na Wadachi. Alikuwa mgeni wa wageni, na kila jambo lake aliliombea ruhusa bomani. Ukutani alikuwa na picha moja, ya mji aliozaliwa, uitwao Winchester, na katikati ya mji huo kanisa kuu refu kama ng'ombe aliyelala.

Desturi yake ilikuwa hivi: tukisoma ukurasa mmoja bila kukwama, alitusimulia kipande kimoja cha mji ule. Kwa hiyo mji tuliupata kwa jasho. Ukurasa wa kwanza ulituletea askari wa Roma waliojenga barabara. Wa pili, wafalme. Wa tatu, watu wa majahazi waliokuja kutoka kaskazini, wakachoma na kuiba, na mji ukajengwa tena. Tulipofika Injili ya Marko, mawe ya kanisa lile yalikuwa yanapandishwa, moja juu ya moja, na watu ambao hawakuishi hadi kuliona limekwisha. Halafu vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe. Askari wakaingia na farasi kanisani, wakatoa mifupa ya wafalme katika masanduku yake, wakaitumia kuvunjia madirisha. Watu walipoiokota hawakujua tena upi ni wa mfalme na upi ni wa askofu, wakairudisha yote pamoja. Vioo vilivyovunjika wakaviunga bila mpangilio, na mpaka leo, Bibi alisema, jua likipita hapo sakafu inakuwa na rangi zote.

Jioni ya Alhamisi ile nilikwenda darasani kwa sababu baba mwenyewe alinifukuza. "Nenda ukasome," alisema. "Ukibaki hapa unanitazama kama mwewe."

Bibi alikuwa amepata barua kutoka kwao. Kanisa kuu lile, akasema, lilikuwa karibu kuanguka, kwa maana wazee wa zamani walilijenga juu ya magogo yaliyolazwa kwenye tope, na chini ya tope kuna maji. Mtu mmoja, mzamiaji, alivaa mavazi ya chuma na ngozi akashuka chini ya kanisa, katika maji meusi. Miaka mitano na zaidi alishuka, akipapasa gizani, akipanga mifuko ya saruji chini ya kuta. Sasa kazi imekwisha na kanisa limesimama.

Dorkasi, mama mtu mzima aliyekaa mbele yangu siku zote, akapiga makofi. "Nyumba ya Mungu inazama majini! Na sisi hapa tunafukua mchanga wa mto tupate kata moja! Bibi, waandikie watuletee hayo maji, tope tutalichuja wenyewe."

Tulicheka, na Bibi alicheka mpaka akavua miwani.

"Wao maji wanayo mengi," akasema, "na watu husema sababu ni askofu mmoja." Akatusimulia habari za Swithuni, askofu wa zamani, kabla hata ya kanisa kuu lile. Alipokaribia kufa aliwaagiza watu wake wasimzike ndani. Alitaka kulala nje, mahali ambapo miguu ya wapitao ingemkanyaga na matone ya mvua yangemwangukia. Wakamtii. Baada ya miaka mia na zaidi watu wengine wakaona ni aibu mtakatifu kulala nje kama mbwa, wakamfukua, wakamwingiza ndani. Watu husema mvua ilinyesha siku arobaini.

"Alikuwa na kichwa kigumu huyo," Dorkasi akasema. "Kama Mgogo."

Mimi sikucheka. Nilihisi kama mtu ameniita kwa jina ambalo bado sina.

Kesho yake mchana nilikuwa ndani ya kisima chetu mtoni. Mto wetu wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu, na maji tunayafuata chini. Kisima kile kilinipita kimo mara mbili. Nilikaa chini kabisa, kwenye ubaridi na giza, nikingoja maji yachuruzike hadi yajae kata, kisha nimpe mke wangu Raheli juu, naye awamiminie ng'ombe. Kata moja ilichukua muda wa kusali Baba Yetu mara nne. Nilisali, nikangoja, nikasali, na sijui ni lini macho yalifumba.

Nikawa chini ya kanisa kuu. Kando yangu mzamiaji alikuwa anapanga mifuko, naye hakushangaa kuniona. Akanisogezea mfuko mmoja, nami nikaupanga. Juu yetu niliisikia miaka yote ikipita kwa pamoja: viatu vya Waroma, kwato za farasi, wazee wakiimba, vioo vikivunjika. Halafu nikawa juu, nje, penye nyasi za kijani nisizowahi kuziona, na mvua ndogo ilikuwa inanyesha. Mzee mmoja amelala chini ya nyasi kama mtu aliye kitandani kwake. Ng'ombe walitoka mlangoni mwa kanisa, ng'ombe wetu hasa, yule mwenye baka jeupe ametangulia, wakampitia juu mmoja mmoja.

"Mbukwa, baba," nikamwamkia. "Hawakuumizi?"

"Nyamaza," akasema. "Nawahesabu."

"We! Umelala?" Ilikuwa sauti ya Raheli, juu kabisa, katika duara la mwanga. "Panda. Panda, mume wangu. Baba ametutoka."

Nilipofika nyumbani, Mwalimu Bartolomayo alikuwa amekwisha fika na wanaume wanne na machela ya kubebea. Mlimani walikuwa wameanza kuchimba. Watu walisimama uani wakinitazama mimi.

"Mwalimu," nikasema, "baba hatoki hapa."

"Unajua nilichokuambia."

"Najua. Lakini Bibi ametusomesha habari za askofu. Alikuwa Mkristo yule, tena askofu, na aliomba akanyagwe. Waliomwingiza ndani walimpenda, Mwalimu. Walimpenda, na walimkosea."

"Yule hakuzikwa zizini."

"Kwao hakukuwa na zizi. Kama lingekuwepo angeliomba."

Mtu mmoja akacheka, akanyamaza haraka. Mwalimu alikaa juu ya kinu kilichokuwa kimelazwa hapo. 

"Baba yangu mimi yuko zizini, huko Chemba," akasema. "Nilikuwa nimebatizwa mwezi ule. Waliniita, nikakataa kwenda. Nilisema, mambo ya giza siyashiriki. Walimzika watu wengine." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Leteni majembe huku."

Tulichimba katikati ya zizi, tukamlaza baba juu ya ngozi yake. Mwalimu alisimama kwenye samadi na kitabu chake, akasoma ibada yote bila kuruka neno. Ndama mmoja alikuja kumlamba kiwiko, naye hakumfukuza.

Jioni hiyo hiyo alifungua orodha mbele ya wazee wa kanisa, akalifuta jina langu, kwa kuwa neno alikwisha kulitamka. Alilia kama alivyosema atalia. Nilikuwapo, nikayaona machozi yakiangukia wino. Nilingoja mwaka mwingine mzima. Krismasi iliyofuata nilibatizwa, na yeye ndiye aliyenishika mkono nikaitwa Yoramu.

Mvua za kwanza baada ya mazishi yale ziliponyesha, Bibi Edita alikuja nyumbani kwetu, akaniomba nimwonyeshe kaburi la mzee, apate kuomba hapo. Tulisimama mlangoni mwa zizi. Ng'ombe walikuwa wamekwisha toka, na ardhi yote ilikuwa tope lililokanyagwa sawasawa, kila alama ya kwato imejaa maji, na kila kidimbwi kimeshika kipande chake cha mbingu.

Nilitafuta kwa macho. Nilidhani ni pale, kisha nikadhani ni pale.

"Sijui, Bibi," nikasema. "Yumo humu."

Akavua viatu vyake, akaingia.