Taa ya Miguuni pa Fusano

Gari la mzee Hatanaka lilikuwa na miaka hamsini na minne, milango miwili, rangi ya haradali, na maringo ya bibi harusi anayechelewa makusudi. Mwezi wa Mei lilianza tabia mpya ya kuua betri. Siyo kuidhoofisha, kuiua. Unaliacha Jumatatu likiwa zima, Alhamisi unapiga stata, linakujibu kwa kamlio kadogo ka kusonya, basi.

Alipopigiwa simu mara ya nne aende kuliamsha kwa betri ya gari lake, Orie Kaburagi aliamua kulivuta hadi gereji. Orie alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, na gereji alikuwa ameachiwa na marehemu baba yake hapo Takahama, mji ambao ukitupa jiwe hovyo lazima utavunja kigae, maana vigae vya paa ndiyo kazi ya mji mzima. Pamoja na gereji alirithi wateja, na nusu ya wateja hao walishampakata akiwa kwenye nepi. Hatanaka, fundi paa mstaafu wa miaka themanini na mmoja, alikuwa mmoja wao. Mpaka leo alimwita Spana, kwa sababu ndicho kitu alichokuwa akikitafuna wakati meno yanamwota.

Safari hii kazi ilikuja na masharti. Chizuru, binti pekee wa mzee, alikuwa amempigia Orie kutoka Nagoya anakofanya kazi. Alisema majirani wamemfikishia habari za betri. Alisema ni wazi baba yake anaacha taa zikiwaka, na mtu anayesahau taa leo, kesho atasahau breki. Basi Orie alichunguze gari. Kama ugonjwa ni wa gari, litibiwe, yeye atanyamaza. Kama ugonjwa ni wa baba, leseni inarudishwa polisi na gari linatafutiwa mtu mwingine. Wazee wengi wanarudisha siku hizi, alisema, na wanapewa cheti kizuri tu.

Orie alimsikiliza kwa adabu huku anacheka moyoni. Hatanaka asahau? Mwaka uliopita, kwenye mtihani wa kumbukumbu wanaofanyiwa madereva wa umri wake, mzee alionyeshwa picha kumi na sita, akazitaja zote, kisha akamtajia msimamizi rangi ya soksi zake. Akili yake ilikuwa salama. Aliyeondoka mwaka huu ni Fusano, mkewe, mwezi wa Februari.

Gari lilikaa gereji siku tatu. Orie alifanya kama alivyofundishwa na baba yake: akachomoa waya hasi wa betri, akaweka kipima umeme kati ya waya na betri, ili kila tone linaloibwa lipite mbele ya macho yake. Mnywaji alikuwa mmoja tu, saa ya dashibodi, nayo inakunywa kama ndege. Akatikisa nyaya. Akafungua dainamo, akaifunga. Akalala chini ya gari hadi mgongo ukachukua umbo la sakafu. Siku ya tatu betri ilikuwa na nguvu zile zile iliyoingia nazo. Gari lilikuwa kama mtoto anayeumwa tumbo saa ya shule tu. Ukimfikisha kwa daktari, anaomba ndizi.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia. Kama gari halina ugonjwa gereji, basi ugonjwa uko nyumbani kwa mzee, na Chizuru alikuwa anakuja Jumamosi kusikia majibu. Orie akalirudisha Alhamisi, akamwomba mzee aishi nalo kama kawaida yake, kisha Ijumaa asubuhi akatokea na kipima umeme mkononi.

Alimkuta Hatanaka ndani, mbele ya kimeza cha kumkumbukia marehemu, anamwekea Fusano wali na chai. Harufu ya udi ilikuwa imefika hadi kwenye banda la gari. Mzee alimwashiria kwa kichwa aendelee na kazi. Orie akafungua boneti, hakugusa kitu kingine, akaunganisha kipima umeme. Sifuri nukta nane. Kwa gari lililolala, huo si unywaji tena, ni ulevi.

Akaanza kuchomoa fyuzi moja moja. Ya honi, namba hazikutingishika. Ya taa za mbele, hivyo hivyo. Ya tano ilikuwa ya taa za ndani. Alipoichomoa, namba zikaporomoka. Akairudisha, zikapanda. Lakini taa ya darini ilikuwa imezimwa, aliiona kupitia kioo. Akazunguka upande wa abiria, akachungulia chini. Palikuwa na blanketi la magotini, limekunjwa vizuri, na ukingoni mwake ulikuwa unavuja mwanga mwembamba wa njano.

Mlango wenyewe ulionekana umefungwa. Aliusukuma kwa kiganja. Ukaingia ndani kiasi cha upana wa kidole, ukalia kop, na mwanga ukazimika. Kitasa kilikuwa kimeshika jino la kwanza tu. Nusu-mlango.

Orie alicheka peke yake kwa ile raha ya kutua mzigo. Mzee alipotoka na vikombe viwili vya chai, akamrukia kwa maneno.

"Mzee Hatanaka, siku tatu nimelipekua gari lako kama polisi wa forodha, kumbe ni mlango. Nusu-mlango, na taa inawaka chini ya blanketi. Nani alifunga taa hii? Maana waya umepitishwa vizuri mno, si kazi ya baba yangu hii."

"Mimi," alisema mzee.

Akaeleza huku anapuliza chai. Mikono ya Fusano ilikuwa na baridi yabisi, vidole vimejikunja, hawezi kubonyeza kitufe cha kitasa. Na kufunguliwa mlango mbele ya majirani kama malkia alikuwa hataki kabisa. Alisema afadhali aende hospitali kwa miguu. Basi kila Jumanne na kila Ijumaa, siku za hospitali, miaka tisa, mzee alitangulia kutoka, akawasha injini ipate joto, akauacha mlango wa mkewe kwenye jino la kwanza. Fusano akija, anaunasa kwa kiwiko, anaingia mwenyewe, amenyoosha shingo. Ile taa ilikuwa ya kumwonyesha pa kukanyaga asubuhi za baridi.

Orie alitazama mlango. Leo ilikuwa Ijumaa.

Akasema, polepole, kwamba haya ni mazoea ya mkono tu, na yana dawa. Atakata waya wa taa. Chizuru ataambiwa waya ulichubuka, jambo ambalo kwa gari la umri huu si dhambi kubwa, na gari litabaki pale lilipo.

"Mazoea ilikuwa mara ya kwanza," alisema Hatanaka. "Zilizofuata nilijua."

"Ulijua kinachoua betri ni hiki?"

"Taa nimeifunga mwenyewe, nisijue?"

"Na ukaniacha siku tatu nalala chini ya gari?"

"Ulionekana unafurahi, Spana."

Siku nyingine utani huo ungemchekesha. Mzee akaweka kikombe juu ya paa la gari, kitu ambacho hajawahi kufanya, na akasema lililobaki. Wiki tatu zilizopita, karibu na shule ya msingi, aligeuka kushoto kumwambia Fusano kwamba mashamba ya mpunga yameshajazwa maji. Aligeuka kweli, akatazama kiti, akasubiri jibu. Taa nyekundu aliiona ikiwa nyuma yake. Watoto walikuwa bado kando ya barabara. Mama anayewavusha alirudi nyuma na bendera yake, kisha akamwinamia mzee kuomba radhi, kana kwamba kosa ni lake.

"Kwa hiyo usikate waya," alisema. "Mwambie Chizuru ninasahau. Achukue leseni."

"Lakini husahau."

"Sisahau hata kidogo. Ndiyo shida yenyewe. Ukimwambia ninasahau, atakasirika, atachukua leseni, atarudi Nagoya. Ukimwambia ninamfungulia mama yake mlango, atakaa hapo kwenye ngazi alie, na hataondoka tena. Mama yake alinikanya kwa hilo: mtoto asiache maisha yake kwa ajili yetu."

Orie alibishana naye hadi chai ikapoa. Alisema wamweleze Chizuru habari ya taa nyekundu tu, inatosha. Mzee akasema Chizuru atauliza alikuwa anaangalia nini. Jumamosi binti alipofika na kuuliza, Orie alikuwa anajifuta mikono kwa kitambaa ingawa ilikuwa misafi. Akasema gari halina kosa. Mzee anasahau kufunga mlango.

Jumatatu walikwenda polisi. Hatanaka akatoa leseni, akapokea cheti, na wiki mbili baadaye mtu wa Okazaki mwenye kukusanya magari ya zamani akaja na lori akalibeba. Mzee aliliinamia gari kuliaga mpaka likakata kona.

Walidhani uongo wao una ukubwa wa leseni. Fundi paa na fundi magari, wote wawili wanaojua kupima vitu, hawakuupima huo. Chizuru hakukasirika. Alipunguza siku zake za kazi. Alianza kuja Ijumaa na kuondoka Jumatatu, na kila alipokuja alibandika karatasi: ZIMA GESI. FUNGA MAJI. LEO NI JUMAPILI. Akamwandikisha baba yake kwenye kituo cha wazee cha mchana, wanakoimba nyimbo za watoto. Na mzee, aliyekwisha kutoa neno lake, ikabidi alisindikize. Aliuliza tarehe mara mbili mbili. Alivaa viatu kinyume siku moja moja, asizidishe.

"Leo wamenipigia makofi kwa kukunja karatasi," alimwambia Orie kwenye simu. "Nimeezeka mahekalu matatu, Spana."

Oktoba Orie alishindwa kuvumilia. Alikwenda siku ya Jumamosi, akamkuta Chizuru jikoni anamenya matunda, akamweleza yote bila kubakiza: kiwiko, taa, Jumanne na Ijumaa, taa nyekundu, na uongo, kwamba ameusema yeye kwa mdomo wake. Chizuru alisikiliza mpaka mwisho. Kisu hakikusimama.

"Amekuambia yeye?" aliuliza kwa upole.

"Ndiyo, dada, lakini..."

"Daktari wa kituoni alinitahadharisha. Wanakuwa na siku nzuri, na wanatunga visa vya kujifichia. Asante kwa kumsikiliza, Orie. Wengi wamechoka."

Orie akasema basi aulizwe mwenyewe, sasa hivi. Chizuru akajifuta mikono, akamwita baba yake. Hatanaka alikuja taratibu, akasimama mlangoni mwa jikoni, kati ya karatasi ya gesi na karatasi ya maji.

"Baba, Orie anasema husahau kitu. Eti ulikuwa unamfungulia mama mlango. Ni kweli?"

Mzee alimtazama binti yake. Macho ya Chizuru yalishaanza kuwa mekundu, na ule uso wa miaka hamsini na miwili ulikuwa unangoja kama wa mtoto. Orie aliona jinsi mzee alivyopiga hesabu, haraka kama zamani: akisema ndiyo, kila kitu kitamwangukia huyu kwa pamoja, mama yake, ule mlango, kazi aliyoipunguza, miezi mitano ya karatasi ukutani.

Hatanaka akamgeukia Orie. Akili yake ilikuwa nzima machoni, na macho hayo yalikuwa yanamwomba.

"Samahani, mama," alisema. "Wewe ni nani?"

Chizuru aliangalia pembeni.

"Naitwa Orie Kaburagi," alisema Orie. "Fundi magari."

"Nimefurahi kukufahamu," alisema mzee, akainama, chini kabisa, akabaki hivyo muda mrefu mpaka binti yake akaja kumshika kiwiko.