Maziwa ya Kusafisha Kifua

Bosi hakuwa mchoyo, tusimsingizie. Miaka kumi na minne Fundi Cheche alichomelea mageti katika karakana isiyo na dirisha, na kila jioni bosi alimpa pakiti ya maziwa. "Kunywa, fundi wangu, yanasafisha kifua." Barakoa nazo zilikuwepo, zimefungiwa kabatini kama mboni ya jicho zisije zikachafuka. Zilitoka siku ya mkaguzi tu, zikapigwa picha, zikarudi.

Sasa Cheche akipanda ngazi tatu anatweta kama aliyefukuzwa na mbwa. Daktari aliitazama picha ya mapafu yake akaguna. "Moshi wa chuma umeyala haya. Na maziwa, baba, huenda tumboni."

Cheche akampelekea bosi cheti. Bosi akakisoma, akasikitika kwelikweli.

"Pole sana, fundi wangu. Kuanzia leo, pakiti mbili."

Kisha akainuka kumsindikiza karakanani, wenzake walikokuwa wakichomelea. Kabla ya kuingia akafungua kabati, akatoa barakoa, akaivaa mwenyewe.

"Usinione naringa," akasema. "Mimi mwenzio maziwa sinywi."