Protini Iliyokosekana kwa Mongi

Emna alirudia kipimo mara ya tatu, na jibu likawa lile lile. Mbegu za kiume za Mongi zilikuwa nyingi, zenye umbo zuri na zikiogelea vizuri. Ila protini moja ya kichwani, ile inayoiwezesha mbegu kushika yai, haikuwepo.

Miaka minne alikuwa akichunguza protini za mbegu za kiume katika maabara hii ndogo ya Sfax, Tunisia. Leo alikuwa amepata kitu, na hakuwa na nguvu hata ya kufurahi. Alimpigia Mongi simu.

Mongi, dereva wa lori la zeituni, alikuja na mkewe Saloua. Walikuwa na miaka kumi na moja kwenye ndoa. Kila hospitali ilimwambia Mongi hana neno, kwa hiyo lawama zote zikamwangukia Saloua. Mama mkwe alimnywesha mitishamba, akamzungusha kwenye makaburi ya mawalii, na siku hizi alikuwa akimtajia mwanawe wasichana wa kuoa baada ya talaka.

Emna aliwaeleza alichokiona.

"Kwa hiyo ni mimi," Mongi alisema.

"Ni mbegu zako. Si kosa lako."

"Dawa ipo?"

"Ya kuirudisha hiyo protini, hapana. Lakini yai likitolewa kwa mkeo, mbegu inaweza kuingizwa ndani yake kwa sindano."

Mongi alitoa simu mfukoni. Kisha akampigia mama yake pale pale, sauti ikisikika chumba kizima.

"Mama, tatizo ni langu. Saloua ni mzima."

"Nani kakudanganya? Mwambie huyo daktari apime tena!"

"Amepima mara tatu, mama."

"Basi apime ya nne!"

Saloua aliichukua simu. "Mama, yale majani machungu yamebaki nusu kopo jikoni. Njoo umpe mwanao." Akakata.

Mongi alijifuta uso. "Daktari, hiyo sindano tunafanya lini?"

"Unamuuliza yeye?" Saloua alisema, bila hata kupandisha sauti. "Yai ni la nani? Nimechomwa, nimechunguliwa, nimenyweshwa miaka kumi na moja kwa ugonjwa usio wangu. Nimechoka, Mongi. Mwaka huu niache."

"Na mwakani?"

"Mwakani uniulize mimi."

Mongi aliitikia kwa kichwa. Walishuka ngazi polepole, na Emna akaendelea na sampuli ya mtu mwingine.

Mwezi wa Machi, mwaka haujatimia, Saloua alirudi peke yake. Alikataa kiti.

"Sijaamua chochote," alisema. "Nataka kujua tu. Kuyatoa hayo mayai, kunauma kiasi gani?"

Emna hakumficha. Alimwambia kunauma, akamweleza wapi, na kwa siku ngapi. Saloua alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akavuta kile kiti akakaa.