Ini la Kaka

Tangu daktari atamke kwamba ini hukua tena, sikupata raha. Maneno yenyewe aliyasema vizuri tu. Ini la kaka yangu mkubwa limejaa makovu matupu. Pombe ameacha, dawa anameza, lakini lilipofika halirudi nyuma tena. Ila ini la mtu mwenye afya ukilikata sehemu, linajaa upya, na ile sehemu nayo inakua ndani ya mgonjwa. Mama akageuka akanitazama. Wifi yangu, mke wa kaka, akanitazama huku analia. Damu yangu na ya kaka ni kundi moja, basi mambo yakawa yamekwisha.

Hakuna aliyeniuliza. Narudia, hakuna! Kesho yake nilifika karakana, pale ninaposhona viti vya magari, nikamkuta Mama kanitangulia, anawapa mafundi wenzangu maagizo. Nikinyanyua bunda la ngozi, "Wee! Ini la kaka yako hilo!" Gundi ya sponji nisiinuse. Kichwa kikiuma, kidonge marufuku. Wifi naye ananiletea chakula kisicho na mafuta, ananikodolea macho mpaka nimalize, ndipo anaondoka na sahani yake. Yaani nilikuwa natembea na mali ya watu tumboni.

"Lakini Mama, tumbo linalopasuliwa ni langu," nilimwambia siku moja.

"Kwani si litaota tena? Hupungukiwi kitu. Mbona nywele unakata?"

Nywele, jamani!

Na kaka ndiye aliyenifungia mlango kabisa. Nilimkuta kitandani, macho ya manjano, tumbo limejaa maji, miguu imebaki mifupa, na bado anatania. "Mdogo wangu, ukinipa hilo ini, hasira zako nazo zitahamia kwangu?" Nikacheka. Akanishika mkono, akasema ahsante, kabla sijafungua mdomo. Kaka yangu nampenda. Lakini niliogopa kufa, niliogopa vibaya sana, na hofu yenyewe sikuwa na pa kuipeleka.

Siku ya majibu ya vipimo tulikwenda mimi, Mama na wifi. Binti yangu, ambaye ndiyo kwanza amemaliza shule, akatusindikiza. Daktari akaniita peke yangu, akafunga mlango.

"Ini lako ni zuri," alisema. "Sasa nakuuliza wewe. Unataka?"

Nikaangua kilio palepale.

"Ukikataa, nitawaambia tu kwamba hufai kutoa. Sitaeleza zaidi. Ndivyo tunavyomfanyia kila mtoaji hapa, na siri inabaki kwangu."

"Sitaki," nikasema. Loo, lilivyotoka! Nilijisikia mtu aliyevua viatu vilivyombana kutwa nzima.

Nje, daktari aliwaambia hivyo hivyo, kwamba sifai. Wifi aliketi sakafuni. Mama akanikumbatia, akanipa pole, mimi! "Najua ulivyotaka kumwokoa kaka yako, mwanangu." Aibu ilinichoma, lakini chini ya aibu kulikuwa na furaha, sitadanganya.

Ndipo binti yangu aliposimama. "Basi nipimeni mimi. Kundi langu na la mjomba ni moja, na mimi ni mtu mzima sasa."

"Mjukuu wangu!" Mama akasema, machozi yakimtoka upya.

"Kaa chini," nikamwambia mtoto.

"Mama, si linaota tena?"

"Nimesema kaa!" Korido nzima ikageuka. Daktari alinitazama. Angesema nini bila kuniumbua? Ikabidi nijiumbue mwenyewe. "Ini langu ni zima. Mimi ndiye niliyekataa. Niliogopa, basi! Kukataa si kosa, hata daktari anajua. Haya, twende nyumbani."

Mama aliuondoa mkono wake begani kwangu, taratibu. Nilisubiri matusi, hayakuja. Binti yangu hata hakukasirika, na hilo liliniuma kuliko yote.

"Pole, Mama," alisema. "Uliogopa. Lakini mimi sijakataa."

Akamuuliza muuguzi chumba cha kutolea damu kiko wapi, akaanza kukunja mkono wa blauzi huku anatembea. Nilimkimbilia, nikamvuta kwa nguvu mpaka kifungo kikakatika, kisha nikarudi kwa daktari mbio.

"Niandike mimi. Nimekubali."

Daktari alitikisa kichwa. "Siwezi kumpasua mtu aliyelazimishwa."

Nyuma yangu binti alikuwa amesimama akisubiri jibu.

"Nani kalazimishwa?" nikamwambia daktari. Nikafuta machozi, nikajitahidi kutabasamu kama mtu anayetaka.