Punje Iliyokosekana Kwenye Kitambaa

Wewe mama mwenye mtoto anayeshika spana, acha kwanza unachofanya usome hii polepole. Na wewe fundi unayevaa miwani ya kazi kwenye paji la uso kama pambo, soma pia. Haya yalimpata mama mmoja mshonaji, mtu asiyemtakia mabaya hata kuku wa jirani, na yalimpata uani kwake, mchana kweupe, amesimama pale pale anaona.

Mama huyo alizaa wavulana wawili. Mkubwa alinunua gari dogo la chini lenye injini ambayo mafundi wengi waliikimbia. Haikuwa na pistoni. Ndani yake mlikuwa na chuma cha pembe tatu, wenyewe wanakiita rota, kinachozunguka huku kila pembe ikilamba ukuta. Mlio wake ulikuwa kama wa nyuki waliochokozwa. Siku moja gari lile liliacha barabara kwenye kona ya mwisho wa mtaa, likarudi nyumbani juu ya lori, ubavu mmoja umebonyea, na kijana hakurudi nalo. Wakamzika. Gari likafunikwa turubai, kati ya tangi la maji na kamba ya nguo.

Mdogo mtu, ambaye mtaa mzima ulimwita Kitindamimba mpaka jina lake likasahaulika, naye alikuwa fundi. Akaunyoosha ule ubavu, akatafuta mlango mwingine. Ulipatikana wa kijani, na gari lilikuwa jekundu, akaufunga hivyo hivyo. Kisha akapata kazi kwenye gereji ya mji wa mbali, na akakata kauli kwamba ataenda kwa gari lile, kwa barabara ile ile iliyomchukua kaka yake.

"Panda basi kama wenzako," mama alimwambia.

"Nikishuka kwenye basi na mfuko wa spana, mama, mimi ni fundi kama mafundi wote. Nikiingia getini na injini hii inanguruma, hakuna atakayeniuliza najua nini."

"Gari hilo limeshakula mmoja."

"Gari halili mtu. Kaka alisinzia kwenye usukani, na wewe unajua."

Alijua. Kujua hakukumsaidia kitu. Kila asubuhi aliposikia turubai linavutwa, sindano ilipotea njia kwenye nguo ya mteja.

Kazi iliyobaki ilikuwa plagi. Injini ile ina vyumba viwili, kila kimoja na plagi mbili, moja juu ya mwenzake, na zote zilikuwa zimekaa humo tangu enzi za marehemu. Tatu zilitoka. Moja ya chini ikagoma. Kitindamimba aliilazimisha kidogo tu, spana ikainama, na ile kaure, ule udongo mweupe mgumu kama wa kikombe, ikakatika. Ganda la chuma likabaki limeng'ang'ania tunduni.

Hakutukana. Aliweka spana chini, akakaa juu ya tairi, akashika kichwa.

Jirani yao alikuwa fundi wa zamani, rafiki wa baba yao aliyekwisha kufariki. Walimwita Mzee Betri kwa sababu asubuhi haamki mpaka asukumwe. Akaja, akainama, akachungulia.

"Umeivunja vizuri kweli," alisema. "Mwingine angeishia juu juu. Wewe umekwenda mpaka kooni."

"Mzee, usinicheke."

"Sikucheki, nakupongeza." Kisha akaacha mzaha. "Sasa nisikilize. Injini ikiwa na joto, usiguse. Hiyo bodi ni alumini, chuma laini. Ukitumia nguvu, plagi itatoka na meno ya tundu, na hapo umeua. Tia mafuta ya kulegeza kutu, iache ilale mpaka kesho. Na kitu kisidondoke ndani, hata punje. Pembe ya rota ikikutana na punje ya kaure inaiburuza ukutani mzunguko mzima. Injini imekwisha hiyo, ukaitupe."

Mama alikuwa mlangoni kwenye cherehani yake. Maneno yale ya mwisho yalimwingia, yakakaa.

Kesho yake, injini imepoa kabisa, mtoto alimwita. "Mama, njoo na kibano chako. Mimi mikono yangu ni ya nyundo."

Angekataaje? Alichukua kibano anachong'olea nyuzi, na sumaku anayookotea pini, akaenda. Kitindamimba aliizungusha rota kwa mkono, taratibu, kwa spana iliyoshika puli ya mbele, lile gurudumu la mkanda, mpaka pembe ikaondoka mbele ya tundu. Akawasha tochi. Mama akawa anatoa vipande vya kaure vilivyobaki kooni mwa plagi, kimoja kimoja, ncha ya kibano imepakwa grisi ili kisiponyoke. Kila kipande kilipotoka, kijana alikilaza kwenye kitambaa cheupe juu ya madigadi na kukiunganisha na wenzake, kama mtu anayegundisha kikombe kilichovunjika.

"Ndivyo tunavyojua," alimwambia. "Plagi ikikamilika hapa kwenye kitambaa, ndani hamna kitu. Ikipungua, siizungushi injini."

"Hata kidogo?"

"Hata waje wanajeshi kunisukuma."

Wakacheka wote wawili. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka pamoja mbele ya gari lile.

Kaure ilipokwisha kutoka, kijana aligongea ndani ya ganda kipande cha chuma chenye kona nne, chembamba mbele, kinene nyuma, akaanza kulegeza. Mbele kidogo, nyuma kidogo, mafuta, mbele tena. Ganda lililia kama mlango mkongwe, likatoka. Mzee Betri, aliyekuwa amekuja kutazama, alimpiga kijana begani.

Wao walikuwa wanalitazama ganda. Mama alikuwa anatazama kibano chake. Kwenye grisi ya ncha ilikuwa imebaki punje moja nyeupe, ndogo kama ya mchele, haijawekwa na wenzake. Mkono ulianza safari ya kwenda kwenye kitambaa. Katikati ya njia ukageuka. Mshonaji anaweza kufunga fundo kwa mkono mmoja bila kuangalia, na punje ikaingia kwenye ncha ya kilemba chake, nyuma ya sikio. Aliona ametenda jambo la akili sana. Injini haikuumizwa, mtoto hakuumizwa, na gari halitaondoka.

Kitindamimba aliinamia kitambaa. "Kuna pengo."

Wakatafuta. Mzee Betri alipiga magoti akapapasa mchanga. Mama naye aliinama, akakung'uta gauni lake, akatafuta na watafutaji. Kijana aliteremsha sumaku tunduni ikaja na vumbi la chuma, na kaure haivutwi na sumaku. Akaingiza waya wenye grisi, ukatoka na masizi matupu. Jua lilikuwa limepanda, jasho linamwingia machoni, anajifuta kwa kiwiko.

"Natia upepo," alisema mwishowe, akavuta mpira wa kompresa. "Nausukuma kupitia tundu la juu, ukitoka huku chini utakuja nayo."

"Miwani," alisema Mzee Betri.

"Imechubuka yote, mzee. Kitu kidogo hivi nitakionaje?"

"Tandaza kitambaa mbele ya tundu, kitakidaka. Wewe kaa pembeni."

"Kitambaa kitapeperuka, halafu tuanze tena kutafuta mchangani? Nataka niione kwa macho yangu inaruka." Miwani akaipandisha kwenye paji la uso. Kisha akamgeukia mama yake, uso umechoka. "Hii ndiyo ya mwisho, mama. Isipotoka, nafunika turubai, kesho napanda hilo basi lako."

Mama mwenzangu, ni hapo. Ulimi wake ulikuwa umeshainuka kusema, maana hata yeye aliogopa kumwona mtoto anasogeza uso kwenye tundu. Lakini lile neno la basi ndilo alilokuwa akiliomba usiku na mchana, na sasa limetoka kinywani mwa mtoto mwenyewe. Akajiambia, upepo mmoja tu. Haitatoka, maana iko hapa nyuma ya sikio langu. Atakata tamaa, atakula, atalala, atapanda basi. Akanyamaza.

Upepo ulitoka kama mtu anayepiga chafya. Masizi yakaruka. Kitindamimba akarudi nyuma hatua, kiganja kiko kwenye jicho la kulia.

"Imetoka," alisema, karibu anacheka. "Imenipiga, nimeihisi. Mama, imetoka."

Kati ya vidole vyake yalianza kutoka maji. Kisha ikatoka damu.

Hospitalini walimfunga macho yote mawili, lile zima nalo, ili lisihangaike. Daktari alimweleza mama kwamba kilichompiga ni unyoya wa chuma, kibanzi chembamba kilichomeguka kwenye meno ya plagi ilipokuwa inatolewa, nao umeingia ndani sana. Wameutoa. Jicho halitaona tena. Akampa unyoya wenyewe ndani ya kichupa.

Kijana alikiomba kichupa, akamwagia kilichomo kiganjani, akakisugua kwa kidole gumba.

"Hiki ni chuma," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Basi ile kaure bado imo ndani. Mwambie Mzee Betri mtu asithubutu kuizungusha ile injini. Mwambie leo, mama, kabla mtu hajaigusa."

Bandeji usoni, jicho limekwenda, na bado anailinda injini na kitu ambacho hakimo. Mama alijaribu kujikaza akashindwa. Angeweza kunyamaza, hakuna binadamu aliyemwona. Alifungua lile fundo nyuma ya sikio, akaiweka punje kwenye kiganja cha mtoto.

Akaipapasa. Laini upande mmoja, kali upande wa pili.

"Imetoka wapi?"

"Kwangu."

"Tangu lini?"

"Tangu ganda lilipotoka. Nilitaka usiende na gari."

Muuguzi aliingia na kitoroli chake, akagawa dawa kitanda cha pili, akatoka. Kijana alikuwa bado anaigeuza punje kiganjani.

"Wakati nainama pale, ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo."

"Na ndani hamkuwa na kaure."

"Hamkuwa na kaure, baba."

Alifumba kiganja. "Nenda nyumbani ukapumzike," alisema. "Umechoka." Alisema kwa upole, kwa sauti anayotumia kwa mteja aliyeleta gari bovu asilotaka kulitengeneza. Bora angemtukana.

Plagi mpya alizifunga Mzee Betri. Injini iliwaka mara ya kwanza, na wale nyuki wakajaa uani. "Haina hata mkwaruzo, shemeji," mzee alisema kwa furaha ya fundi. Kisha akakumbuka anaongea na nani, akainamia boksi lake la spana.

Ile kazi ya mji wa mbali walishampa mwingine. Kitindamimba alipopata nafuu alisema atakwenda tu, atatafuta nyingine huko huko. Na mama, ambaye zamani angemkalia kooni mpaka asubuhi, sasa angesema nini? Angemwambia usiendeshe kwa jicho moja? Maneno yote ya kumzuia alikuwa ameshayatumia mara moja, kimyakimya, siku ile ya upepo.

Siku ya kuondoka hakuambiwa. Alisikia turubai linavutwa, akaacha cherehani inazunguka, akatoka mbio mpaka getini, akasimama upande wa kulia, wa jicho lisiloona. Hakuuchagua. Ndipo alipofikia tu.

Gari likaja polepole, jekundu, na mlango wake wa kijani. Mwanawe alikuwa amekaza shingo, anatazama mbele kwa jicho lile moja. Mama akainua mkono. Ili amwone, mtoto ilibidi ageuze kichwa chote. Gari lilipita karibu hivi kwamba joto la injini lilimgusa miguuni, na kichwa hakikugeuka. Mpaka leo hajui kama mtoto hakumwona au hakutaka kumwona, na hana uso wa kumuuliza.

Alibaki pale anasikiliza. Mlio ulishika barabara, ukapanda, ukafika kwenye kona ile alipofia mkubwa. Akausikia unapungua, ukaivuka kona, kisha ukapotea kwa mbali.