Ufunguo wa Friji

Lotte alikuwa Mholanzi, na friji yake akiipenda kuliko mumewe, na mumewe mwenyewe akilijua hilo. Msicheke. Bwana Pieter, injinia wa kampuni ya mafuta, alikuwa hakai nyumbani. Leo yuko jangwani, kesho yuko jangwani. Friji ndiyo iliyokuwa haiendi popote. Ilisimama jikoni, nyeupe pe, ikiunguza mafuta yake ya taa polepole, na katika Maskati ya mwaka sitini na saba, ambapo nyumba zenye umeme zilikuwa za kuhesabu, kila aliyeingia jikoni mle akiitupia jicho. Lotte akiyaona macho hayo, na hayakumpendeza hata kidogo.

Kwao Rotterdam, akipenda kusema, kila jiko sasa lina friji, kila nyumba inatafuta mashine ya kufulia, na mwanamke hana tena haja ya kugonga mlango wa jirani kuomba kitu. Hayo ndiyo maendeleo kwa fikra zake. Mlango wako umefungwa, vitu vyako viko ndani, baridi, safi, kila kimoja katika mkebe wake wa plastiki wenye kifuniko cha kubana. Humwombi mtu, na mtu hakuombi. Maisha gani hayo, mimi sijui, lakini yeye akiyaita raha.

Basi siku Rahila alipogonga mlango, machale yalimcheza Lotte hata kabla hajafungua.

Rahila alikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta. Alikuja Maskati kutoka Unguja baada ya mapinduzi, yeye na mumewe Thani na binti yao mmoja, Nasriya. Thani alikuwa karani ofisini kwa Pieter. Kiingereza Rahila alikisoma skuli huko Unguja, na akikisema vizuri kuliko Lotte, ingawa Lotte asingelikubali hilo hata kwa dawa. Mkononi alishika kichupa kidogo, amekizungushia kitambaa cha maji.

"Mwanangu ana maradhi ya sukari," alisema. "Anapigwa sindano asubuhi na jioni. Dawa hii joto linaiua, na joto la sasa hata mtungini haikai. Nakuomba nafasi kwenye friji yako, bibi. Ya kichupa hiki tu."

Nani angekataa? Lotte hakuwa mtu mbaya. Alikiweka kichupa rafu ya katikati, akakizungusha vizuri kisimame. Rahila akaugusa mlango wa friji kwa kiganja, kama mtu anayemgusa ng'ombe wake aliyeuzwa, akasema, "Na sisi tulikuwa nayo kama hii Unguja. Ya umeme lakini. Imebaki na nyumba."

Lotte akatabasamu kwa midomo. Friji? Afrika? Kwa karani? Akauweka moyoni, uongo wa kwanza huo.

Jioni Rahila alipofuata dawa alikuja na bakuli la bati lenye maua, limefunikwa kawa, ndani yake visheti bado vya moto. Kwani utakwendaje kwa mtu aliyekufanyia hisani, mikono inaning'inia? Lotte alishukuru, akavimimina visheti katika mkebe wa plastiki, akaliosha bakuli kwa sabuni mpaka likang'aa, na asubuhi akalirudisha. Tupu. Tupu, nakwambieni, linameremeta kama limetoka dukani! Kwao hiyo ndiyo adabu, chombo cha mtu unakisafisha na unakirudisha, kwisha.

Rahila alichungulia ndani ya bakuli, na uso ukambadilika. Akamtazama Lotte, akalitazama tena bakuli. Lotte akayaona yote hayo, akasema nafsini mwake, huyu ana lake jambo.

Jioni ile bakuli likarudi na sambusa. Likarudishwa tupu. Likaja na mkate wa kumimina. Likarudishwa tupu. Kila likirudi tupu, Rahila akazidi kuchemsha na kukaanga, akijiuliza amekosa nini kwa mwanamke huyu. Na kila likija limejaa, Lotte akazidi kumtilia shaka. Mtu asiye na kosa, alijiuliza, analipa nini kila siku?

Msimlaumu haraka. Lotte alikuwa mtoto wakati wa vita, majira yale ya baridi ambapo Waholanzi walikula vitunguu vya maua, vile vya kupandia bustanini, kwa kuwa hapakuwa na kingine. Alikuwapo jirani aliyewaletea viazi. Leo viwili, kesho vitatu, na mamake Lotte akilia kwa shukrani. Baridi ilipokwisha, jirani yule alikuwa keshaondoka na saa ya ukutani, na cherehani, na pete ya ndoa ya mamake. Toka siku hizo mambo mawili yalimkaa Lotte mwilini. Anayekuletea chakula kila siku anatafuta kitu. Na chakula hakitupwi, hata kikiwa cha shetani.

Kwa hiyo hakula, na hakutupa. Visheti ndani ya mkebe, kifuniko kubana. Sambusa ndani ya mkebe. Mkate, kaimati, katlesi, vyote vikaingia friji na vikakaa huko vikitazamana. Mikebe ikapanda juu ya mikebe. Lotte akiifungua friji akiiona imejaa, na mtoto yule wa vita ndani yake akipumua. Kisha akikumbuka chakula ni cha nani, na pumzi ikikatika.

Halafu siagi ikaanza kupungua. Barafu nayo ikapungua. Nani mwingine aliyekuwa akiingia jikoni mle asubuhi na jioni? Lotte hakuuliza mtu. Friji ilikuwa na kitasa chake, walioitengeneza Ulaya wakijua wateja wao wanavyowaogopa watu, na ufunguo ulikuwa umelala kwenye droo toka siku ya kwanza. Akautoa, akaufunga uzi, akauvaa shingoni.

Jioni Rahila aliuvuta mlango. Haukufunguka.

"Umekwama?"

"Nimeufunga," Lotte alisema. "Huu mlango unafunguka wenyewe, baridi inatoka."

Uongo mtupu, na mwekundu mashavuni. Rahila hakuwa mjinga. Aliuona uzi shingoni, akaelewa kila kitu, na ilimchoma vibaya. Lakini atafanyaje? Dawa ya mtoto iko mle, na kazi ya Thani iko mikononi mwa mume wa huyu huyu.

"Sawa, bibi. Dawa tu isije ikakosekana. Nasriya akikosa siku moja tu, naye anakwenda."

"Haitakosekana," Lotte alisema, na hilo alilisema kweli.

Wiki ile Nasriya alihitimu juzuu yake ya kwanza ya Kurani chuoni. Rahila alipika. Safari hii bakuli halikutosha. Alileta sinia zima, wali wa nazi umelala chini, kuku wa kupaka juu yake, na harufu iliyofika barabarani. "Wa Nasriya huu," alisema, na kwa mara ya kwanza toka Lotte amjue alikuwa akicheka. "Umemuwekea dawa yake, na wewe una fungu lako."

Lotte alipobaki peke yake alisimama mbele ya sinia lile, mate yanamjaa mdomoni. Wallahi njaa ilikuwa ikimuuma. Mkono ukanyooka, ukarudi. Sinia zima! Huyu sasa anakaribia kuomba kubwa, alifikiri. Leo kuku, kesho ataitaka friji yenyewe. Akafungua kitasa, akaanza kutafuta nafasi. Akaisukuma mikebe huku, akaisukuma kule, akaigandamiza. Kichupa cha dawa kilikuwa njiani. Akakisogeza nyuma, juu, kikaegemea ukuta wa chumba cha barafu. Kwake yeye, baridi zaidi ni usalama zaidi. Akafunga.

Asubuhi Rahila alikuja na sindano yake imekwisha kuchemshwa, na Nasriya kamshika nguo. Lotte akafungua kitasa. Rahila akatazama rafu ya katikati, hakioni kichupa.

"Kipo nyuma," Lotte alisema. "Nilikisogeza."

Rahila akapitisha mkono kati ya mikebe, akakitoa. Akakiinua kwenye mwanga. Hakikutikisika ndani. Kilikuwa kigumu kama jiwe.

"Imeganda," alisema.

"Itayeyuka. Iweke juani."

"Imeganda!" Sauti ilimpanda Rahila kwa mara ya kwanza. "Daktari alinambia, ikipata joto imekufa, ikiganda imekufa! Na sina nyingine! Mtoto toka alfajiri anakunywa maji hashibi, nikasema nikimbilie kwa bibi, kule iko salama. Salama hii?"

Na mnajua Lotte alifikiri nini wakati ule? Nnaona haya kukwambieni. Kwa kitambo kidogo, mtoto yuko mbele yake midomo imemkauka, alijiuliza kama hii nayo ni hila, kama sasa ndipo ombi kubwa linapokuja. Halafu akamwona Rahila hamtazami yeye. Anaitazama friji. Mlango uko wazi, na plastiki ile inaonyesha vya ndani. Visheti vyake. Sambusa zake, zimevimba unyevu. Mkate wa kumimina umeota ukungu pembeni. Sinia la Nasriya, halijaguswa.

"Hukula hata kimoja," Rahila alisema polepole. "Ulidhani nimetia nini?"

Aibu ilimshuka Lotte kutoka utosini mpaka miguuni, akaona anataka ardhi immeze. Alikwenda barazani akampigia kelele Bakhit, dereva wa kampuni, alete gari mara moja.

Njia ya Matrah, iliko hospitali, inapanda mlimani kabla ya kushuka, na siku ile ilionekana haina mwisho. Nasriya alilala mapajani mwa mamake, pumzi zinakwenda haraka, kila mara akiomba maji. Bakhit alikuwa akipiga honi na kuwalaani punda. Lotte alikaa pembeni na mikono katikati ya magoti.

"Kwa nini kila siku?" aliuliza mwishowe. "Chakula. Ulikuwa ukinilipa nini?"

Rahila alimgeukia kama hakusikia vizuri. "Nakulipa? Kwetu sisi, bibi, chombo cha mtu hukirudishi kitupu. Unatia chochote. Tende, kipande cha sukari guru, hata ndimu. Kitupu ni kumwambia mtu, basi, usije tena. Wewe ulikuwa ukinirudishia tupu kila siku. Nkasema, nimemkosea nini huyu? Nkazidisha mapishi."

Lotte akafunika uso. Hakulia, alitaka kulia na hakuweza mbele ya mtoto yule.

Hospitali waliwapokea. Nasriya alipigwa sindano, akalazwa, akaangaliwa, na jua lilipoanza kushuka alikuwa amekaa kitandani akidai kurudi nyumbani kabla lango la mji halijafungwa kwa usiku. Daktari alimpa Rahila kichupa kipya na akarudia maneno yale yale, si joto, si barafu. Rahila alikichukua. Walipofika Maskati alishuka, akamshika mwanawe mkono, akaingia kwake na kichupa chake. Lotte alisikia komeo likipita mlangoni mwa jirani.

Kesho yake Pieter alirudi kutoka jangwani, akasikia habari yote, akakuna kichwa. "Siagi nakula mimi," alisema. "Na barafu natia kwenye chupa yangu ya safari. Si ungeuliza tu?" Lotte alimtazama mpaka akaondoka jikoni mwenyewe.

Kisha akaiondoa mikebe frijini, mmoja mmoja. Vilivyooza akavitupa, mara ya kwanza maishani mwake anatupa chakula. Sinia la Nasriya lilikuwa bado zima. Akakaa chini sakafuni, akaula ule wali baridi na kuku wake, kwa vidole, peke yake, na hapo ndipo machozi yalipokuja. Ulikuwa mtamu. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Sinia likabaki tupu, na bakuli la maua la mara ya mwisho, ambalo lilikuwa halijarudishwa, limo jikoni vilevile. Aliviosha. Akasimama navyo, anazunguka jiko zima. Atie nini? Biskuti za kopo? Jibini ambayo Rahila hajui imetokana na nini? Kila alichokishika kilikuwa kidogo au kilikuwa na wasiwasi ndani yake. Mwisho akauvua uzi shingoni.

Rahila alifungua mlango nusu tu. Akapokea sinia, akapokea bakuli, akainua kawa. Ndani ya bakuli, peke yake, ulikuwapo ufunguo wa friji.

Akauchukua. "Haya," alisema, na akafunga mlango.

Haya gani? Lotte alikaa siku ile yote hajui. Kakubali? Kakasirika? Atautupa baharini? Mshuku ni mshuku, hata akitubu hawezi kukaa kitako.

Magharibi mlango uligongwa. Rahila alikuwa amesimama na kichupa mkono mmoja na ufunguo mkono mwingine. Bakuli halikuwapo. Sinia halikuwapo. Lotte aliitazama mikono ile na moyo ukamwanguka, kwa kuwa sasa alijua maana ya mtu kuja hana kitu. Basi, usije tena.

Rahila akapita mpaka jikoni. Friji haikuwa imefungwa, lakini alitia ufunguo kitasani, akauzungusha mara moja kuona kama unafanya kazi, akaurudisha, akafungua. Rafu zilikuwa tupu, nyeupe. Akakiweka kichupa katikati, mbali na barafu, akarudi nyuma kukitazama, kisha akautia ufunguo kifuani mwake, ndani ya kanga.

"Nimekuja mikono mitupu," alisema, na haya ilimjaa usoni mpaka akainamisha kichwa. "Wallahi, toka nizaliwe sijapata kwenda kwa mtu hivi. Lakini nafasi hii ni ya dawa, sitaki kuijaza chakula tena."