Mchotaji wa Joto

Leonardi aliinua kiganja mpaka kwenye mdomo wa mashine, akangoja. Upepo uliotoka ulikuwa wa baridi. Akabadilisha mkono, pengine huu wa kulia umekufa ganzi tu. Wa kushoto nao ukasikia vilevile.

"Imekata?" Adela aliuliza kutoka kitandani.

"Inapumzika."

"Mashine haipumziki, Leonardi. Anayepumzika ni mtu." Alitaka kuongeza neno, kikohozi kikamwahi. Kilimkunja, kikamkunjua, kikamwacha akitafuta hewa kwa mdomo wazi. Midomo ilikuwa imeanza kuwa ya buluu pembeni. Leonardi akavua koti lake, akaliweka juu ya mablanketi matatu.

Ilikuwa Juni, na Mpui ilikuwa imeamka na umande ulioganda, ukaunguza majani ya maboga. Siku kama hizo watu wa Ufipa huwasha moto na kuuzunguka. Lakini Adela alikuwa amepika kwa kuni miaka arobaini katika jiko lisilo na dirisha, na mapafu yake yalikuwa yameungua. Daktari alisema mambo mawili: asivute moshi, na asipigwe na baridi. Leonardi alitoka hospitali akijiuliza ni nyumba gani ya mkulima ambamo mambo hayo mawili hukaa pamoja.

Mtoto wao Benjamini, anayefanya kazi mgodini, ndiye aliyeleta mashine. Sanduku moja ukutani chumbani, jingine nje nyuma ya nyumba, na bomba la kuyaunganisha.

"Inachota joto nje, inalileta ndani, baba."

"Joto gani, na nje kote ni baridi?"

"Hata kwenye baridi limo. Linataka mchotaji tu."

Adela alicheka siku hiyo mpaka akakohoa. "Kitendawili!"

"Tega," Leonardi alijibu, maana ndivyo walivyoishi. Walitegeana wakipalilia, wakipura, hata wakitoka misani.

"Mtwana wangu huenda kisima kikavu, hurudi na ndoo imejaa."

Jibu lilikuwa linanguruma ukutani.

Tangu hapo Leonardi aliitunza kama ndama aliyekosa mama. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya misa, alichomoa vichujio viwili vya ndani, akaviosha kwa maji na kuvianika kivulini. Masika alifyeka majani yasilifikie sanduku la nje. Januari nyigu walipojenga viota vya udongo kwenye bomba, alivibandua kwa kijiti. Agosti, vumbi likivuma, aliifuta uso kwa kitambaa chenye maji. Na fundi Clemens alikuwa amemfundisha dalili moja: ikifanya kazi kwenye baridi, sanduku la nje hutoa jasho kwa chini. Tone, tone, tone. Kila asubuhi alitazama kabla ya kunywa uji.

Leo chini pake palikuwa pakavu.

Alimpigia Clemens. Fundi alikuwa ameshuka bondeni, Kaoze, kutengeneza jokofu la wauza samaki.

"Shikamoo mzee. Kesho jioni, labda keshokutwa. Gari la kupanda huko ni moja."

"Adela hatafika keshokutwa, Clemens."

Fundi akasema, "Zima swichi kubwa. Nenda nje, angalia nyuma yake, upande unaotazama ukuta. Niambie unaona nini."

Leonardi hakuwahi kuangalia nyuma. Uso ndio alioujua, pangaboi na wavu wake. Alipiga magoti kwenye matope yaliyoganda, akaingiza kichwa kati ya sanduku na ukuta. Palikuwa na kitu kama mkeka. Barafu juu, na ndani ya barafu makapi ya ulezi, yameshonana unene wa kidole.

"Mzee? Unaona nini?"

"Makapi," alisema.

"Yametoka wapi?"

Leonardi aliyatambua.

Ulezi, kwao, hupepetwa na Adela. Leonardi hupura, Adela husimama na ungo akingoja upepo, mdomo wake ukiuita kwa mluzi. Mwaka huu hakuweza kusimama. Upepo nao uligoma wiki nzima, na Leonardi alitaka ulezi mpya, wa mbegu ya Adela mwenyewe, ampikie uji kabla hajaacha kabisa kula. Ndipo akaona: nyuma ya nyumba kuna upepo usiochoka. Siku tatu alimimina ulezi mbele ya ile mashine, nayo ikampepetea. Punje zikaanguka chini, makapi yakaruka. Alijisifu hata. Hakujua kuwa kinachopuliza mbele huvuta nyuma.

"Usiyagonge," Clemens alisema. "Chini yake kuna vibati vyembamba kama karatasi. Maji ya vuguvugu, pole pole, toka juu kwenda chini. Halafu brashi laini. Ikauke, ndiyo uwashe. Ikitoa jasho, imepona. Isipotoa... ningojee."

Leonardi akaingia ndani kuchukua sufuria, akakuta moshi. Mama Sayi, jirani yao Msukuma, alikuwa ameingia na jiko la mkaa linalowaka, amelishika kwa kanga.

"Babu Leonardi, nyie Wafipa mnaweza kufa na baridi huku mmekaa kistaarabu! Nimeleta moto."

"Toa!" Alipaza sauti ambayo hakuwa ameitumia kwa miaka. "Mama Sayi, toa, nakuomba."

Adela alikuwa ameketi, mikono imeshika kifua, macho yamemtoka. Mama Sayi alikimbia na jiko nje. Alirudi amenywea.

"Nisamehe, babu. Kwetu mgonjwa ni moto tu."

"Na kwetu pia," Leonardi alisema. "Zamani ningekushukuru. Huko nje, chemsha maji. Tuyatie kwenye madumu, tuyafunge kanga, tumwekee miguuni."

Wakafanya hivyo. Madumu mawili miguuni, moja mgongoni. Maji yaliyobaki Leonardi aliyachanganya na ya baridi, akaenda kupiga magoti. Alimimina kwa kikombe. Barafu ililia, ikaachia, makapi yakashuka kama uji mchafu. Brashi alitumia ile ya viatu vya kanisani. Kibati kimoja kilipinda chini ya kidole chake, akajikuta amekiomba radhi.

Ilifika saa nane mchana, na vibati vilikuwa vimekauka. Madumu yalishapashwa mara tatu. Kila mara Adela alikuwa mwepesi zaidi kumnyanyua.

"Kitendawili," alisema, sauti yake uzi.

"Adela, usiongee."

"Kitendawili."

"Tega."

"Mgeni wangu kapepeta ulezi wangu..." Akapumua. "Makapi yakamkaba koo."

Leonardi aliinama. Alikuwa amemsikia, basi. Siku zote tatu, pale kitandani, alikuwa akisikiliza ulezi ukimwagika upande wa pili wa ukuta.

"Umeshindwa?" Adela aliuliza. "Nipe mji."

Alikuwa amempa miji yote maishani mwao: Sumbawanga, Namanyere, Mbeya, hata Roma. Leo hakupata hata mmoja wa kumpa.

"Ngoja kwanza," alisema, "naja kukupa."

Akapandisha swichi kubwa. Mashine ikakohoa, ikanyamaza, pangaboi likaanza kuzunguka. Alitoka nje, akazunguka nyuma ya nyumba, akachuchumaa na kuweka kiganja wazi chini ya sanduku. Kupitia ukuta, aliisikia sauti ya Adela ikihesabu miji polepole, ikimchagulia.

Kiganja kilikuwa kikavu. Akakisogeza kidogo kushoto, pale tone la kwanza lilipozoea kudondokea, akatulia.